Bibi ya Fundi

Mama hakuwahi kuitika akiitwa "bibi ya fundi". Majirani wa Mutuini walimwita hivyo tangu wiki ya kwanza tulipohamia, na kila walipomwita aliinua macho tu, akangoja waseme wanachotaka, ndipo akajibu kwa upole. Sisi watoto tulijua kwa nini. Kwao Unguja, na kwetu ndani ya vile vyumba viwili, bibi ni yule aliyemzaa mama yako au baba yako. Mke ni mke. Nje ya mlango, huku Nairobi, mke ndiye bibi, na bibi ndiye nyanya.

"Mie bibi yake?" alikuwa akisema mlango ukishafungwa. "Baba yake nimemzaa lini? Na yule bi mkubwa wa watu mnamwita nyanya, mtu na heshima zake, kama tungule."

Tungule ndizo nyanya za kwao, zile za kupikia. Nilicheka kila mara, ingawa nilikuwa nimeusikia utani huo mpaka naujua kwa moyo. Yule bi mkubwa alikuwa mwenye nyumba wetu, mjane aliyekuwa na shamba dogo la mahindi na ng'ombe mmoja mkorofi. Sisi tulimwita nyanya bila wasiwasi wowote. Mimi nilikuwa na maneno ya pande zote mbili. Nyumbani skuli, njiani shule. Ndani mbatata, nje waru, viazi vilevile. Niliyabadilisha pale mlangoni kama mtu anayevua viatu, na nilijiona hodari sana. Niliota kwamba siku moja nitalipwa kwa kazi hiyo, nikae baina ya watu wasioelewana niwaelewanishe, nikiwa nimevaa kitambaa kizuri cha kichwa.

Tulifika Nairobi miaka ya sitini mwanzoni, nikiwa sijaanza kusoma. Baba alikuwa fundi wa makochi. Alikuja kwa kazi ya mwaka mmoja, nyuma ya duka la samani upande wa River Road, na mwaka ukawa miwili, kisha tukaacha kuhesabu. Tulikaa kwanza chumba kimoja palepale mjini, juu ya ghala la magunia. Halafu Kawangware. Halafu Mutuini, kwa sababu Mama alisema Kawangware watu wanapita dirishani kama wako njiani, na yeye akitazama watu wanaopita anataka kupita nao.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wanaoondoka. Nguo zilikaa ndani ya masanduku, zikitolewa asubuhi na kurudishwa jioni zikiwa zimefuliwa na kukunjwa. Hatukuwa na picha ukutani. Hatukuwa na kiti hata kimoja. Baba alishinda akipigilia misumari midogo kwenye makochi ya matajiri wa Adams Arcade, akiyajaza sponji na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi zilizoletwa kwa magunia kutoka pwani, kisha akarudi kwetu akakaa chini mkekani, harufu ya makumbi ikiwa bado kwenye shati lake. Mama alipenda kulifua shati hilo mwenyewe. Hakutuachia sisi.

Yeye hata mkekani hakukaa sana. Alikula amesimama. Alikwenda mpaka kwenye lango, akatazama barabara, akarudi, akafunua sufuria ambayo alikuwa ameifunika dakika hiyohiyo. "Tukimaliza mvua hizi tutakwenda zetu," alisema. Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Mwenye nyumba alimpa kipande cha ardhi nyuma ya jiko apande mboga. Mama akamshukuru sana, asipande kitu. Alimwambia Baba, atavuna nani? Basi mwenye nyumba alichoka kutazama ardhi tupu, akapanda sukuma wiki mwenyewe, akawa anatuletea mboga za shamba letu mlangoni.

"Bibi ya fundi! Kuja uchukue mboga yako, inazeeka."

Mama akainua macho, akatabasamu, akapokea. Hakuitika.

Aliyekuwa akituvuta kurudi alikuwa Bibi. Bibi mwenyewe, yule wa kweli, mama wa baba yake Baba. Baba alifiwa na wazazi angali mdogo na Bibi ndiye aliyemlea, akamtia chuoni kusoma Kurani, akamwozesha. Kwetu bibi na mjukuu hutaniana, kwa hiyo Bibi alimwita Baba "mume wangu" mbele ya watu, na Mama alipoolewa akawa "mke mwenzangu". Mama alisema siku ya harusi Bibi alimshika mkono akamwambia zamu yake kwa mume ni siku saba, na zake yeye mwenyewe ni nane. Baba alipoondoka alimwahidi mwaka mmoja. Barua zake ziliandikwa na jirani, na zote ziliishia na swali moja: mume wangu, lini?

Nilipokuwa darasa la tano ikatoka amri kwamba wasiozaliwa nchini waende mjini wakaandikishwe wapate karatasi za kukaa. Baba alinichukua mimi kwa sababu ya Kiingereza. Mama alibaki na mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na surua. Juma hilohilo ilikuwa imefika barua kwamba Bibi miguu imevimba, hainuki kitandani, na Baba alikuwa nayo mfukoni mwa koti. Nilimwona akiigusa njia nzima ndani ya basi, kama mtu anayechunga asiibiwe.

Ofisini tulikaa kwenye benchi refu lililolainishwa na makalio ya watu. Karani alikuwa kijana msafi, ana kalamu tatu mfukoni na sauti ya haraka. Akamuuliza Baba jina, kazi, alikozaliwa, watoto wangapi. Watatu, Baba akasema, niko nao hapa. Karani akaandika bila kuinua uso.

"Bibi yako iko wapi?"

"Bibi yuko Unguja," Baba akasema, na sauti ikamlainika. "Mgonjwa. Miguu."

"Atakuja?"

"Hawezi safari tena."

"Pole, mzee." Karani akaandika, akapiga muhuri mahali pawili, akasema karatasi tuifuate baada ya wiki mbili.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu na Baba, goti langu linagusa lake. Karani alipouliza nilisikia mke, na Baba alipojibu nilisikia nyanya, na mimi niliyekuwa na maneno ya pande zote mbili sikuona ubaya wowote. Swali lilikuwa sawa kwa lugha ya njiani. Jibu lilikuwa sawa kwa lugha ya nyumbani. Baba naye alijua vizuri neno hilo lina maana gani Nairobi, amelisikia kila siku. Lakini mbele ya meza ile, na barua ile mfukoni, alikuwa amerudi kwao.

Karatasi ilipotoka niliisoma mkekani, nikifuata maneno kwa kidole. Jina la Baba, sawa. Kazi, sawa. Watoto watatu, majina yamekosewa kidogo. Halafu mstari mmoja chini, nikausoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuusema kwa Kiswahili: mkewe anaishi Unguja, ni mgonjwa, hatakuja.

Halafu Mama akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta.

"Umemwoa Bibi," akasema. "Hatimaye amekupata. Siku zake nane zimekuwa siku zote."

Baba naye akacheka, sisi tukacheka kwa kuwa wao wanacheka. Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na mie je? Mie nimeandikwaje?"

Nikaitazama karatasi tena. Nikaigeuza nyuma, kukawa hakuna kitu.

"Hukuandikwa, Mama."

Hapo kicheko kikaisha.

Kwa miaka yote hiyo Mama alikuwa akisema tutakwenda zetu. Sasa likawapo jambo la yeye kwenda peke yake, maana mtu asiye na karatasi, tulisikia, akikutwa hurudishwa alikotoka, na watoto tulikuwa tumeandikwa kwa Baba. Sijui kama ilikuwa hivyo kweli. Mutuini kila mtu alikuwa na habari zake. Mmoja alisema wanapita nyumba kwa nyumba. Mwingine alisema wanasimamisha watu stendi. Mama akaacha kwenda langoni. Mtu yeyote mwenye koti la kaki akipita barabarani, hata yule mkaguzi wa ng'ombe, aliingia ndani akasimama nyuma ya mlango mpaka apite. Alifungua masanduku akazitenga nguo zake na zetu. Kesho yake akazichanganya tena. Usiku sikumwona, lakini mchana ule wote alikuwa akitembea, jikoni, uani, chumbani, uani, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama mama yangu amepoteza kitu.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiyo maana haitikangi." Akaenda kukamua ng'ombe wake.

Tulirudi mjini watu watatu. Mama alivaa buibui lake jipya, ambalo lilikuwa na miaka sita. Baba alimweleza karani taratibu, kwamba bibi aliyemtaja ni mama wa baba yake.

"Hiyo ni nyanya," karani akasema. "Mimi sikuuliza nyanya. Nani anaulizanga mtu nyanya?"

Baba akasema kwao husemwa hivyo. Karani akasema huyo mama anaweza kuwa mtu yeyote, kila siku wanakuja watu wamebadilisha maneno, leo dada, kesho bibi. Karatasi imekwisha kutiwa sahihi na mkubwa. Halafu akainama, akapunguza sauti, na nikaona kweli alitaka kutusaidia.

"Sikiza, mzee. Kuna njia rahisi. Wewe sema tu yule bibi wa Unguja alikufa. Mimi naandika hapa, bibi alikufa, mzee ameoa huyu. Imeisha."

Akashika kalamu akangoja. Mama alimtazama Baba. Mimi nilimtazama Baba. Lilikuwa neno moja tu, na si juu ya Bibi lingesemwa bali juu ya mtu asiyekuwapo duniani, mke wa Unguja aliyezaliwa mezani pale kwa makosa. Hilo nililielewa, na nilitaka alitamke upesi twende nyumbani. Baba aliingiza mkono ndani ya koti mahali ilipokuwa barua.

"Siwezi," akasema.

"Ni karatasi tu, mzee."

"Bibi yangu yu hai. Nikisema kwa kinywa changu amekufa, halafu nikifika nyumbani nikute barua?"

"Basi unampenda huyo kuliko huyu."

Nilimwogopea Mama, nikadhani atalia, au atamwambia Baba aseme. Alivuta buibui lake mbele kidogo.

"Asiseme," Mama akamwambia karani. "Muulize mwenye nyumba wetu. Muulize yeyote Mutuini, mie ni nani kwa huyu."

Karani akashusha pumzi, akaweka kalamu chini. Akasema basi mlete huyo mtu, mtu mzima, mwenye kitambulisho, aje aseme mwenyewe.

Mwenye nyumba alikuja Alhamisi. Ng'ombe alimwachia jirani kwa maagizo marefu kuliko ya mtoto mchanga. Alivaa sweta la kijani na viatu vya kanisani, na ndani ya basi alimsimulia Mama jinsi mjini kulivyokuwa kabla ya maghorofa, Mama akiitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia. Mikono yake haikutulia. Alikunja tiketi ya basi mpaka ikawa ndogo kama punje.

Siku hiyo kulikuwa na watu wengi. Mama alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, mahali pa mtu anayeweza kutoka. Mwenye nyumba akaenda mezani na Baba, nami nikafuata nisikie.

"Nyanya, unamjua huyu mzee?"

"Ni fundi. Anakaa kwangu."

"Na ako na bibi?"

"Ako naye."

"Bibi mwenyewe ni nani?"

"Ni ule pale anataka kutoroka," mwenye nyumba akasema. "Mimi namuita bibi ya fundi miaka tatu sasa, na hajawahi kuniitikia hata siku moja."

Karani akacheka, akaacha kucheka. "Kama haitikangi, tutajuaje ndiye?"

Nadhani mwenye nyumba hakutegemea maneno yake yageuziwe upande ule. Karani naye, sijui kama alikuwa akifanya mzaha au amechoka, akainua shingo akaita juu ya vichwa vya watu wote, kwa sauti ya kuita orodha:

"Bibi ya fundi!"

Watu kwenye benchi wakageuka huku na huku wakitafuta mwenyewe. Nilimwona Mama akiinua macho kama kawaida yake. Nikafungua mdomo nimwambie, Mama, itika, na sauti haikutoka. Baba alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mama alimtazama yeye, si karani. Akasimama.

"Abee," akasema.

Aliitika kama wanawake wa kwao wanavyoitika waume zao na wakubwa zao, neno zima, kwa sauti iliyofika mezani. Mtu mmoja kwenye benchi akarudia, "Abee?" akacheka. Karani hakucheka. Alichukua karatasi nyingine kabisa, akaanza upya juu, jina, kazi, alikozaliwa. Alipofika kwenye mstari ule aliandika akitamka kila herufi. Kisha akamuuliza Baba, kwa uangalifu sana, kama mtu anayekanyaga matope, "Na nyanya yako anaendeleaje na miguu?"

Baba akasema hajambo kidogo.

Njiani kurudi mwenye nyumba alilala kwenye kiti. Mama alikaa dirishani. Baba akamwambia polepole, akidhani sisikii, "Nisamehe." Mama akamjibu, "Ungesema amekufa nisingekusamehe," halafu akaniambia nikae vizuri nisikunje sketi.

Baba alimwandikia Bibi habari yote, bila kuficha hata sehemu ya karani kumtaka amfishe kwa maneno. Jibu lilichukua muda. Lilipofika nilisoma mimi, maana Baba miwani yake ilivunjika mguu. Naikumbuka kwa sababu niliombwa kuirudia mara nyingi.

"Kwa mume wangu," jirani wa Bibi alikuwa ameandika. "Nimesikia Serikali ya huko imenitambua. Mahari yangu usiyasahau. Kwa mke mwenzangu: nimeambiwa umeitika jina langu mbele ya watu. Umefanya vyema. Basi mume nimekuachia, na zamu zangu zote nimekupa. Kaeni huko msihangaike na mimi. Miguu hii haiwangoji nyinyi, inangoja dawa."

Baba akatoka nje, akakaa kando ya zile mboga. Mama alibaki amesimama na kifuniko cha sufuria mkononi. Aliniambia nirudie mahali paliposema zamu zangu zote. Nikarudia. Hakucheka.

Jioni Baba aliporudi ndani, Mama akamwambia, "Lete kiti."

"Kiti gani?"

"Kimoja. Kizuri, kama vya watu wa Adams Arcade. Bibi akija huku atakaa wapi, chini?"

Baba akamtazama. Wote wawili walijua miguu ile haitapanda meli. Hakubishana. Alitengeneza kiti hicho baada ya kazi, akakijaza usumba mtupu bila sponji, akakivika kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kilichobaki kwenye kochi la tajiri fulani, na mwenye duka akakileta mpaka Mutuini juu ya pikapu ya kubebea mbao. Watoto wote wa jirani walikuja kukiangalia. Tulikiweka karibu na masanduku, maana masanduku yalibaki palepale. Mvua zilipokaribia Mama alisema vilevile, tukimaliza mvua hizi.

Bibi hakuja. Miaka imepita, mimi nimeacha shule na natafuta kazi, na bado naota ile kazi ya kukaa baina ya watu, ingawa siku ile iliyotakiwa sauti yangu haikutoka. Kiti kiko palepale. Kikipata joto la mchana kinatoa harufu ya makumbi chumba kizima. Hakuna aliyeambiwa asikikalie, lakini sisi watoto hatukikalii, na Baba anapenda mkeka wake. Ni Mama tu. Alasiri, kazi zikiisha, anakaa ukingoni mwake, kanga begani, miguu imekanyaga chini sawasawa, anasikiliza uani. Na mwenye nyumba akimwita kutoka kule kwenye mboga, kabla hajamaliza kusema bibi ya fundi, tayari Mama amesimama.